Hodi za Bonde la Kivuli

Kibandani, Mlima wa Misonobari
Septemba 3, 1994

Kwa shemeji yangu Guan Yaqin,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na wanaosubiri kunizika watatangulia wao. Barua yako Piao wa lori la magogo kaileta Jumatano. Alitaka kunisomea, nikamwambia, "Piao, wewe endesha lori, kusoma niachie mwenyewe." Nimeisoma siku mbili. Nilikaa darasa la watu wazima majira ya baridi moja tu, na mwalimu alisema hajapata kuona kichwa kama changu. Neno nisilojua kuliandika nalichora. Ukiona nimechora kuku usicheke haraka, huenda ni tai.

Nimeelewa. Mwanao Jisheng kapata kazi bandarini Dalian, mnahama kabla ya theluji kufunga njia. Unataka udongo wa pale alipopotelea mumeo, mdogo wangu Shunzi, uende nao, uufukie pamoja na lile koti lake, ili mtoto aliyezaliwa baba keshapotea awe na kaburi la kupigia magoti. Miaka thelathini na minane si mchezo. Ni haki yako.

Basi nimeshuka Bonde la Moto, palepale nilipowaonyesha watafutaji mwaka ule, nikachota. Udongo uko kwenye kifuko cheupe. Nimekwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na miaka yangu sabini na mmoja. Vijana wa kituo cha misitu wangetapika njiani.

Nimekuwekea na njugu za msonobari, nimezikaanga mwenyewe. Jozi mwitu, uvunje kwa nyundo, meno yako uyaache. Tunda la ladha tano, limekauka vizuri, chemsha kidogo kabla ya kulala. Na kapu la kiwi mwitu, zile ndogo kama kidole gumba; ngumu zifukie kwenye mchele siku tatu. Mlima mzima hakuna anayejua zilipo tamu kama hizi ila mimi. Piao alionja moja akafumba macho kama anayesali.

Shemeji yako,
Tong Dekui, mchimbaji mkuu

*

Mjini
Septemba 8, 1994

Shemeji Dekui,

Mchimbaji mkuu wa nani? Huna hata paka wa kumwamuru.

Matunda yamefika. Jisheng amekula kiwi mpaka ulimi umechubuka. Tunda la ladha tano nimelichemsha, nimelala kama gogo, asante.

Sasa tuje kwenye udongo. Nimeumwaga juu ya gazeti niuchambue, nitoe mawe. Nimekuta ganda la yai na unyoya wa kuku. Mweupe, wa shingoni. Tangu lini kuku wanafugwa Bonde la Moto?

Mimi sikuombi uniletee mlima. Nimeomba gao moja tu, ujazo wa kiganja, la udongo wa kweli. Kama miguu imechoka sema imechoka, hakuna atakayekucheka, ila mimi kidogo. Jisheng atapanda achote mwenyewe, wewe umwonyeshe tu.

Na usiende peke yako. Umri umeutaja wewe, si mimi.

Guan Yaqin

*

Kibandani
Septemba 14, 1994

Shemeji,

Unyoya uliingia kwa upepo. Kuku wangu wana tabia ya kufuata kapu. Yaishe.

Jisheng asipande. Hajui mlima. Udongo nitachota mwingine, mwingi, mpaka ulalamike.

Tena nina jambo zuri nililokuficha. Nina shamba langu la rungu. Wewe ni mke wa mchimbaji, unajua huku juu hatulitaji lile jina la dukani la mzizi wa dawa, jinsengi. Mlimani ni rungu, la sivyo mzizi unasikia na kukimbia. Niliyaacha machipukizi mwaka mmoja wa zamani, nikanyamaza, nikayasubiri yakomae. Nani mwingine ana subira hiyo? Nikasema sasa Yaqin anaenda baharini, hataenda na samaki tu, ataenda na mzizi wa mlimani wenye shingo ndefu kama bata.

Nimekwenda Jumapili. Mbegu nyekundu zinawaka, mashina kumi na saba, mengine majani matano. Nilipopiga magoti karibu nikaona yote yamefungwa. Kila shina lina uzi mwekundu, ncha zote mbili zina sarafu ya shaba yenye tundu, na uzi ni mpya, shemeji! Haujapauka hata kidogo. Kuna mwizi kanitangulia! Nikatukana hadi kunguru wakahama.

Sikuchimba. Uzi ukishafungwa, mzizi ni wa aliyefunga, hata ukiwa shambani kwa baba yako. Dekui hajavunja sheria ya mlima tangu azaliwe. Nikakaa nimsubiri mwizi nimvunje mkono. Ni mtu anayetumia mkono wa kushoto, nimeligundua hilo, maana nina macho: kauzungusha uzi mara tatu, kitanzi kakiacha upande wa kulia, kisha kapitisha ncha chini badala ya juu. Ukimwona mtu wa namna hiyo sokoni mshike.

Hakutokea. Ila adhuhuri, jua liko utosini, nikasikia fimbo ikigonga mti. Hodi tatu. Unajua mwenyewe, Shunzi alikufundisha: moja ni niko hapa, tatu ni njoo. Nikasema kigogota. Kigogota hakihesabu, lakini cha mwaka huu labda kimesoma. Kikagonga tena tatu, kikanyamaza kama anayesikiliza. Nikaondoka, si kwa woga, niliwakumbuka kuku.

Nimekutumia kiwi nyingine na zabibu mwitu.

Dekui

*

Mjini
Septemba 19, 1994

Shemeji,

Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, kama ninavyoandika zote. Umesahau? Mama yenu alikuwa akinipiga vijiti vya kulia chakula juu ya vidole ili niache.

Fundo hilo ni langu. Mizunguko mitatu, kitanzi kulia, ncha chini. Hakuna aliyenifundisha na mimi sijamfundisha mtu, isipokuwa Shunzi. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilikaa mlangoni nikafunga nyuzi zake zote na sarafu zake, nikazitia kwenye mfuko wake wa ngozi, nikamwambia asifungue mafundo, avute tu. Alicheka akasema sasa hata mzizi utajua nimeoa.

Kisha nimekaa na makapu yako nikayaangalia. Mimi kabla ya kuolewa nilikuwa mchuma matunda, Dekui, baba yangu alikuwa mchuma matunda. Bonde la Moto liliungua kabla hatujazaliwa, halioti kitu ila vichaka na njugu ndogo. Kiwi inataka kivuli na maji. Tunda la ladha tano vilevile. Jozi vilevile. Zinaota pamoja mahali pamoja tu upande ule wa mlima, nako ni Bonde la Kivuli, nyuma ya jabali, siku nzima ya kutembea kutoka Bonde la Moto.

Hilo shamba lako unalojua peke yako liko bonde gani?

Na machipukizi hayo uliyaacha mwaka gani?

Yaqin

*

Kibandani
Septemba 25, 1994

Shemeji,

Maswali yako kama ya polisi. Mlima umebadilika, matunda yanahama, ndege wanabeba mbegu. Mwanamke aliyekaa mjini miaka thelathini anifundishe mimi mlima! Nilisema Bonde la Moto, ni Bonde la Moto.

Nilikuwa nimalizie hapo. Nimekaa. Piao anapiga honi huko chini na mimi bado nimeshika kalamu, basi ngoja nikuambie.

Nilirudi juzi. Usiniulize kwa nini, mtu akisema mwizi yuko shambani kwake atalala? Nyuzi bado zipo. Pembeni nikaona shina la kumi na nane, chini ya jani la kangaga, halina uzi. Majani sita! Miaka hamsini nachimba, majani sita nimeyasikia kwa watu tu. Furaha ikanishika, nikapiga ukelele kama inavyotakiwa: "Rungu!"

Nilikuwa peke yangu, Yaqin. Ukelele ule unapigwa ili wenzako wajibu, na mimi sikuwa na mwenzangu, ni mazoea tu ya koo.

Nikajibiwa. "Mali gani?"

Vilevile tunavyoulizana. Haikuwa mbali. Sauti kavu, ya mtu ambaye hajanywa maji. Na mdomo wangu, huu mdomo mpumbavu, kwa mazoea ukajibu: "Majani sita!"

Ikasema: "Haya, shika shika," ile heri ya wachimbaji. Halafu ikacheka kidogo puani.

Unamjua aliyekuwa akicheka puani.

Nimeacha kapu. Nimeacha kipini cha kuchimbia cha mfupa wa paa, cha baba yangu, nimeacha na kofia. Tangu siku ile, kila adhuhuri, hodi tatu zinagonga msituni, na kila siku ni mti wa karibu zaidi. Jana ulikuwa ule msonobari ninaoanikia uyoga. Nilitoka na shoka. Hapakuwa na mtu. Ila gome lilikuwa limechubuka.

Usimwambie Jisheng, atadhani mzee kaanza kurukwa akili. Akili ninazo kuliko yeye.

Dekui

*

Mjini
Septemba 28, 1994

Dekui,

Sikucheki. Jibu neno moja tu, na kama huwezi kuliandika lichore.

Siku ile, Shunzi aligonga?

Yaqin

*

Kibandani
Oktoba 3, 1994

Yaqin,

Aligonga.

Nimechana karatasi nne. Hii sitachana.

Haikuwa Bonde la Moto. Tulikuwa Bonde la Kivuli, mimi na yeye. Tulitengana asubuhi, yeye ng'ambo ya kijito, mimi huku. Nikauona. Majani matano, shingo nene, na pembeni machipukizi mengi kama vifaranga. Nilipaswa kupiga ukelele. Ukipiga ukelele, aliye karibu anajibu, na akishajibu ana nusu. Wewe ulikuwa na mimba na yeye alikuwa na kila kitu: mke mwenye maneno, mtoto njiani, mama akimpenda. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, bado nalala jikoni kwenu. Nikasema huu ni wangu. Nikanyamaza. Nikachimba kimya kama mwizi, mimi ninayejigamba sijavunja sheria.

Mzizi unachimbwa siku nzima, unajua, unywele kwa unywele. Adhuhuri nikasikia tatu. Nikasema ananiita tukale. Nikiinuka atakuja, ataona. Zikarudi tatu. Zikarudi. Nilikuwa nimeushika mzizi shingoni na hodi zile zikigonga, na nikasema moyoni, acha kidogo, Shunzi, acha kidogo, namaliza. Zikapungua nguvu kuelekea jioni. Nilipomaliza, kimya. Nikajua kakasirika kaenda nyumbani. Naapa kwa kaburi la mama nilijua kaenda nyumbani.

Asubuhi ukanijia na uso ule. Wanaume ishirini walikuwa uani na taa na kamba, wakauliza, wapi? Na mimi nikaona shimo langu bichi, na yale machipukizi, na watu ishirini wakiyakanyaga au kuyang'oa. Nikasema Bonde la Moto. Nilidhani nitateleza mwenyewe pembeni nikamtafute. Nilikwenda. Nilimwita kwa mdomo siku mbili. Kugonga sikugonga, sikuthubutu, mtu angesikia akajua niko wapi. Siku ya tatu theluji.

Mzizi ule sikuuza. Uko kwenye chupa ya pombe chini ya kitanda. Sijaufungua.

Nilikuwa nakwambia mimi ni hodari wa kumbukumbu. Ni kweli. Nakumbuka idadi ya hodi zile.

Leo zimegonga mlango.

Tong Dekui

*

Mjini
Oktoba 6, 1994

Dekui,

Siku zile watu ishirini walipokuwa wakirudi mikono mitupu, ulikuwa unanipikia uji.

Nenda ukamjibu.

G. Y.

*

Kibandani
Oktoba 11, 1994

Yaqin,

Nimekwenda. Barua hii naiacha juu ya mzigo niliorudi nao, kitandani, kwa sababu si wa kumpa Piao. Piao nimempa neno tu, umtume Jisheng.

Nilifika kabla ya adhuhuri, nikasimama kwenye lile shimo langu la zamani, linajulikana bado, limekuwa kama bakuli. Nikachukua fimbo nikagonga msonobari mara moja: niko hapa. Mkono huu unaopasua magogo ulikosea, fimbo ikagonga mara mbili, nikarudia.

Nikajibiwa. Tatu.

Nikatembea, nikagonga. Tatu. Nikavuka kijito, nikagonga. Hapo zikawa mbiombio, zinafuatana, kama mtu anayeona taa inakuja. Nikawa nakimbia. Mimi! Nikafika kwenye mti mmoja mkubwa ulioangushwa na upepo, tumbo lake limeoza na kuwa tundu la kuingia mtu. Hodi zikakoma.

Alikuwa amekaa ndani, mgongo kwenye mti. Mifupa tu, na mfuko wa ngozi kiunoni, mtupu. Mfupa wa mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Asingeweza kutoka mwenyewe. Fimbo iko mapajani, vidole vimelala juu yake. Ncha ya fimbo ni nyeupe, Yaqin, imetwangika kwa kugonga, na ina unga wa gome. Niliugusa. Ulikuwa na unyevu. Ulikuwa wa leo.

Nilihesabu hatua kutoka pale hadi shimoni kwangu. Nimehesabu kwenda na nimehesabu kurudi, maana sikuamini. Mia mbili na kumi na moja.

Nimemtoa kama tunavyotoa mzizi, taratibu, hakuna kidogo kilichobaki, hata vidole vya miguu. Nimemfunga kwa kuvumwani mbichi, ile ya kijani inayoota juu ya mawe, na gome la mti. Nilikosa kamba. Nilipopita shambani nikakuta nyuzi zote kumi na saba zimefunguka, zimelala chini kila moja kando ya shina lake. Nimezitumia. Fundo lako sijaliweza, nimefunga langu. Fimbo yake nimeifungia humo. Na udongo upo, wa tundu lile, magao matatu. Hauna unyoya.

Tangu hapo msitu umenyamaza.

Sasa nakwenda tena, mara moja tu. Yale majani sita hayana uzi, na nilipopiga ukelele nilijibiwa, kwa hiyo nusu ni yake, nusu yake ni yako. Nitakuchimbia kwa sheria, kwa ukelele, asikie kila mtu. Usiseme nimechelewa, hilo najua. Mvua ya barafu imeanza, lakini mimi nimetembea kwenye barafu kabla mama yako hajajua kuvaa viatu. Nitarudi kabla Jisheng hajafika.

Mwambie kuku walishwe.

Kaka wa mumeo,
Dekui

*

Kibandani kwako
Oktoba 16, 1994

Dekui,

Naandika kwa kalamu yako, mezani kwako. Ina alama za meno.

Jisheng alipanda na Piao tarehe kumi na tatu. Walikuta jiko limepoa, mzigo kitandani, barua juu yake, kuku wana njaa. Fimbo yako haipo. Wakaita mpaka wakakauka koo. Wakati wa kushuka na mzigo, Jisheng akasikia hodi tatu, kutoka upande wa Bonde la Kivuli. Piao akamwambia kigogota hicho, twende, njia inafungwa. Jisheng akaniambia, "Mama, kigogota hakisimami kusikiliza." Watu wa kituo cha misitu walikwenda siku moja, wakarudi, wakasema theluji, wakasema mzee, wakasema basi.

Mzigo niliufungua mwenyewe. Nilimjua kwa jino la mbele lililokatika kwa kupasua jozi. Sikulia. Nilimwambia Shunzi, mtoto huyu ni wako, ana shavu lako, na nikamfunga tena kwa fundo langu. Fundo lako ni baya.

Sijakusamehe. Usije ukadhani nimepanda mlima huu na magoti yangu haya kwa sababu nimekusamehe. Ule mzizi sikuuomba. Nilikuwa naomba udongo, na wewe mpaka mwisho unataka uonekane umeleta zaidi.

Saa hizi ni adhuhuri. Imegonga nikiwa naandika neno "zaidi". Tatu. Jisheng kasimama mlangoni ananiangalia. Ananiuliza, "Mama, ni mtu?" Nimemwambia sijui. Anayegonga kwa siku tano kwenye baridi hii huenda ni mtu, huenda alikuwa mtu. Mimi nimeishi miaka thelathini na minane nikiwa mke wa mtu ambaye hakujibiwa, sitasubiri nijue kwanza.

Nimechukua fimbo ya Shunzi nikagonga nguzo yako ya mlango mara moja: niko hapa. Kukawa kimya mpaka nikasikia theluji ikidondoka kwenye matawi. Kisha ikajibu, tatu, mbiombio.

Jisheng anafunga viatu. Naiacha barua hii chini ya kikombe, ikiwa tutapishana njiani.

Nitajibu kila ukigonga, wewe uwe mzima au usiwe. Matusi yangu utayapata tukionana.

Endelea kugonga.

Shemeji yako,
Guan Yaqin